Betri za Kutokea Pangoni

Nikimwona mtu ameanika betri juani zipate nguvu, hasira hunipanda hadi leo, bibi kizee nilivyo. Baba yangu alichagua betri za tochi kwa makini kuliko watu wanavyochagua mkwe, na bado mchezo ule wa kuanika ulimponza.

Tochi aliinunua alipokuwa akifyeka pori kwenye mashamba ya karanga ya Nachingwea, na aliitaka kwa kazi moja tu. Katika vita vya Mjerumani, yeye akiwa mtoto mdogo, mama yake alikimbia naye hadi pangoni, kwenye mlima ulio nyuma ya Mbekenyera. Mama akafa humo kwa homa. Baba alikaa gizani kando ya maiti mpaka watu walipokuja, wakamzika palepale chini ya rundo la mawe.

Tangu hapo hakuwahi kuliona kaburi. Kila alipojaribu, mwenge wa nyasi ulijaza moshi pangoni, akatoka akikohoa. Alitaka auone upande wa kichwa, amwage unga wa mtama kwa mkono wake, kama inavyompasa mtoto kwa mzazi wake. Na macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu.

Nilikwenda naye dukani Nachingwea. Kila betri aliipima kiganjani, akainusa kitako, akaikwangua kwa ukucha asije akauziwa inayovuja. Kisha akazitia kwenye tochi na kuingiza kichwa chini ya meza, auone mwanga vizuri.

"Mzee, unanunua betri au unaoa?" mwenye duka alimuuliza.

Baba akachukua jozi moja.

Nyumbani tulikuwa na jozi nyingine, kuukuu. Hizo alizianika jamvini pamoja na ufuta, akawa anazigeuza kama makopa ya muhogo. Kwetu kila mwenye tochi alifanya hivyo, hakuna aliyeshangaa.

"Hizi ndizo za kuingilia," aliniambia. "Mpya ni za kutokea. Mimi silali tena gizani mle, mwanangu."

Tuliingia asubuhi, mimi na bakuli la unga, yeye na tochi. Mwanzoni mwanga ulikuwa mkali, hata baba akacheka. Tukainama, tukatambaa, tukasimama tena.

"Ni hapo mbele, kwenye kona," alisema.

Tochi ikawa nyekundu, ikafa. Betri za kuanika ndivyo zilivyo, zinakuchekea mlangoni halafu zinakutupa njiani.

Alipapasa, akatia zile mpya. Mwanga ukarudi, mweupe kabisa.

"Baba, twende. Si umesema ni hapo tu?"

"Hizi ni za kutokea," akasema, akageuka.

Nikamfuata na unga wangu. Tulipofika nje tochi ilikuwa bado inawaka vizuri, mchana kweupe. Baba akaitazama, akakaa chini, akalia. Nilimsihi turudi ndani, akakataa katakata. Alisema kiangazi kijacho, akipata pesa, atanunua mpya tupu, za kuingilia na za kutokea.

Kiangazi kilipokuja macho yake yalikuwa yamefunikwa kabisa. Naumia nikikumbuka jinsi alivyosimama pale dukani akizipima betri kiganjani, akiniuliza mimi kama mwanga ni mweupe.

Nilimshika mkono mpaka kwenye ile kona. Rundo lilikuwepo, dogo kuliko nilivyodhani, na upande wa kichwa watu walikuwa wamefudikiza chungu. Niliupeleka mkono wake pale. Akamwaga unga, akakipapasa chungu taratibu, mdomo hadi kitako.

"Tochi inawaka?" akauliza.

"Inawaka, baba. Panaonekana pote."

"Basi zima, tusimalize betri bure."

Nikazima. Tukakaa gizani kando ya mama yake, na aliyekuwa analia ni mimi.