Wembe wa Mama Mkwe

Mume wangu alipoanza kugeuka rangi ya manjano, mama yake alinikataza kumpa ndizi mbivu. Ikafuata zamu ya viini vya mayai, kisha bizari, na mwishowe akamnyang'anya hata kitambaa cha manjano alichokuwa akimshonea mteja gauni. Mume wangu, fundi cherehani mwenye kujipenda, alijitazama kwenye kioo cha duka akasema rangi ile inamkaa vizuri. Mimba yangu ilikuwa kubwa na sikuwa na hali ya kucheka, lakini nilicheka.

Mama mkwe ndiye aliyeumika watu mtaani kwetu Gitega. Ukiumwa mgongo, alikuchanja kidogo kwa wembe wake, akabandika pembe ya ng'ombe, akafyonza damu mbaya ikatoka. Wembe ulikuwa mmoja tu, wa kukunja, alioachiwa na baba yake aliyekuja kufanya biashara kutoka pwani. Aliupangusa kwa ndimu na hakumruhusu mtu kuushika. Kwa wembe huohuo alinyoa watoto wachanga siku ya saba. Mwanawe pia aliumikwa naye mara nyingi, maana cherehani inavunja mgongo.

Nilijifungulia hospitali. Mume wangu akaja kumwona binti yake, na alipoinama kitandani muuguzi akamkazia macho yeye badala ya mtoto. Walimpima damu, na mimi pia. Yangu ilikuwa safi. Yake ilikuwa na virusi vya ini, na muuguzi akatueleza kwamba vinakaa kwenye damu na kuhama kwa sindano au wembe wa kuchangia. Akauliza kama mume wangu amewahi kuchanjwa chale. Bwana yule akavua shati kwa fahari, akamwonyesha mgongo mzima.

Siku ya saba ilikuwa inakuja, na mume wangu aliahidi kusema na mama yake. Kila asubuhi alisema atasema jioni. Mwanamume mzima, ana mtoto, anamwogopa mama yake namna ile. Nilimkasirikia kweli.

Siku ikafika. Mbuzi amechinjwa, wanawake wamejaa sebuleni, mama mkwe amekaa mkekani na mjukuu mapajani, wembe mkononi. Nilimtazama mume wangu. Yeye akatazama nyama. Nikapiga magoti, nikamshika mama mkwe mkono.

"Mama, hii wembe iko na damu ya mtoto wako. Haitagusa mtoto yangu."

Nikaeleza yote aliyosema muuguzi. Mama mkwe aliukunja wembe, akatoka. Wageni walinitazama kana kwamba nimemwaga sufuria la pilau. Akarudi na wembe mpya wa dukani, bado umo kwenye karatasi yake, akamnyoa mtoto taratibu. Tukala. Lakini hakunisemesha siku ile wala zilizofuata. Nilimpenda yule mama, na iliniuma sana.

Wiki iliyofuata akaja jirani, mwenye duka mmoja wa maneno mengi, mgongo unamsumbua. Mimi nilikuwa chumbani nikinyonyesha. Nikamsikia mama mkwe akimtuma akanunue kwanza wembe wake mwenyewe. Jirani akabisha: miaka yote ameumikwa kwa ule wa zamani, leo una nini?

Mama mkwe akapaza sauti kiasi cha kunifikia kule chumbani.

"Mukazana yangu," akasema, na mukazana, mke wa mwanawe, ni mimi, "amekatalia hii wembe mjukuu yangu mwenyewe. Wewe iko nani?"