Nyumba Yenye Mtu Uani

Mie ni mbishi, na silifichi hilo. Pale kibandani kwangu Chang'ombe, ninaposhona ovaroli za watu wa viwandani, wateja wanajua kitambaa kibovu hakipiti mkononi mwangu hata kikiletwa na nani. Nitakivuta, nitakinusa, nitakiangalia kwenye jua, kisha nitakurudishia. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia anunue nyumba, tena ya kwanza maishani mwake, unategemea nini?

Dalali wangu alikoma. Alikuwa mwanamume wa makamo, maneno matamu kama kashata. Alinizungusha Tabata yote, akanipeleka Mbagala, akanirudisha Tabata, na kila nyumba nilikuwa nayo neno. Hii dari imevimba, mvua inaingia. Ile gari la kunyonya choo halifiki, choo kikijaa tutafanyaje? Nyingine ilipakwa rangi mpya mpaka inang'aa, lakini majirani wote walikuwa wamejengea vizingiti virefu vya matofali milangoni, na mtu hajengi kizingiti kama kile kwa kupenda urembo. Nikamwambia, "Hapa masika maji yanalala ndani. Twende." Akashika kiuno.

"Sista, wewe unanunua nyumba au unachunguza mchumba?"

"Mchumba ningemchunguza nusu ya hivi," nikamjibu. "Yule akinishinda namrudisha kwao. Nyumba nairudisha wapi?"

Nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa kwenye mkeka, kwenye chumba chetu cha kupanga Tabata: mama yangu. Asili yetu ni kusini. Baba alimleta mama Temeke akiwa bado mwali, wakajenga kwa mikono yao. Baba alipofariki, arobaini haijapoa, ndugu zake walikaa kikao sebuleni, mama yuko jikoni anawapikia. Walipomaliza kula ndo wakamwambia nyumba ni ya ukoo, akusanye vyake. Kuanzia hapo tukawa wapangaji. Tumepangaga nyumba za kila namna: za kugombea bomba, za kuulizwa mgeni wako anaondoka lini, za mwenye nyumba kuzima umeme akinuna. Mama si mtu wa kulalamika. Kila tulipohama alikunja vitu vyake taratibu, akasema, "Haya, tumefukuzwa tena, tena vizuri." Nikaapa nitamnunulia mama yangu nyumba ambayo hakuna mwanadamu atakayemwambia toka. Nilishona miaka na miaka kwa ajili hiyo tu, na nafasi ya kukosea sikuwa nayo.

Nyumba niliyoipenda niliipata upande wa Pugu, kule ambako mji unaanza kupumua. Vyumba vitatu, sebule, baraza mbele, na kiwanja kipana chenye nafasi ubavuni. Weee! Niliipenda mpaka nikajionea haya. Lakini kupenda hakukunipumbaza. Nilikwenda mvua inanyesha, nikasimama na mwavuli kuangalia maji yanapita wapi. Nilikwenda na fundi, akagonga kuta, akapanda darini, akashuka mweupe kwa vumbi akasema nyumba imesimama. Uani kulikuwa na mama mmoja, nikamwamkia nikapita. Niliuliza majirani kama kuna ugomvi wa mpaka, kama kuna barabara inayokuja kutupiga alama ya X ukutani. Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza nyumba ni ya nani. Wakasema ni ya marehemu fulani, na anayeisimamia ni mtoto wake mkubwa wa kiume. Ndiye huyo huyo aliyekuwa ananiuzia, mtu mzima mpole, ananiita dada. Kila kitu kilinyooka. Nilijiona mjanja wa mjini, nikaanza hata kuchagua mapazia.

Siku ya kuandikiana nilikwenda na mama, aone kwa macho yake. Tulikubaliana tuandike pale pale nyumbani mbele ya mjumbe, kisha twende ofisini kugongewa muhuri. Tukakaribishwa sebuleni: muuzaji, mjumbe, dalali, jirani yangu wa kibandani niliyemleta awe shahidi, na sie wawili. Mama alikaa kidogo, akasalimia, akaangaza macho huku na huku.

"Wenye nyumba wako wapi?"

"Si hawa hapa, mama."

"Hawa wanaume. Nauliza wenye nyumba." Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akapita ukumbini kuelekea uani. Sie tukacheka. Dalali akasema mama zetu bwana, sebule inawawasha.

Yaliyotokea uani nilisimuliwa baadaye, na nimeshayasikia mara nyingi maana mama anapenda kuyasimulia. Alimkuta mwanamke wa rika lake amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Wakaamkiana. Mama hakungoja kuambiwa, akavuta kigoda, akachukua ungo wa mchele uliokuwa pembeni, akaanza kuchambua. Kwao huwezi kumkuta mwenzio jikoni ukakaa umekunja mikono. Wakapiga soga: maji yanatoka siku zipi, samaki mzuri anapatikana kwa nani, msikiti uko wapi. Yule mama akawa anaelekeza kwa moyo mkunjufu kabisa, kisha akasema, "Nyie mkihamia huko mbele msiwe na wasiwasi na mie. Mie huku nyuma simsumbui mtu."

Mama akaacha kuchambua. "Kwani umeambiwa sie ni nani?"

"Si wapangaji? Mwanangu kaniambia leo wanakuja wapangaji wa vyumba vya mbele."

Aliyekuwa anakuna nazi ile ni mjane wa marehemu. Muuzaji alikuwa mtoto wake wa kambo, kamlea yeye tangu mdogo. Na chakula kile kilikuwa chetu, wageni tuliokuja kununua nyumba juu ya kichwa chake. Mama angeweza kunyamaza. Mwanawe yuko sebuleni kashika kalamu, nyumba aliyoisubiri nusu ya maisha yake imebakiza saini tu. Nani angejua? Akaweka ungo chini. "Dada yangu," akamwambia, "nyumba inauzwa. Mnunuzi ni mwanangu."

Sebuleni tulikuwa tumeshasomewa mkataba. Mama akatokea mlangoni.

"Umeshatia saini?"

"Bado, ndo natia."

"Weka kalamu."

"Mama, subiri basi..."

"Weka kalamu, mwanangu."

Nyuma yake alisimama yule mjane, vidole vyote vimejaa nazi. Hakupiga kelele. Alimtazama yule bwana mpole, akamuuliza, "Baba, unaiuza na mie nimo?"

Bwana akaanza kumung'unya maneno, mara mipango, mara tungekuja kukueleza. Mjumbe akavua kofia. "Mie niliambiwa mmekubaliana, kwamba mama unahamia kwa binti yako."

"Niliulizwa na nani?"

Dalali, aliyekuwa anaona udalali wake unaota mbawa, akamgeukia mama yangu. "Mama, hayo si mambo ya ndani ya familia? Nyie yanawahusu nini?"

"Yananihusu. Mie ndo ningelala humu," mama akasema. "Ningepata wapi usingizi?"

Tukaondoka bila kula. Na msinione shujaa, maana njiani nilimwakia mama kama moto wa mabua. Nikamwambia miaka yote hii nashona mgongo unaniuma kwa ajili yako, na wewe unakuja kunimwagia mchuzi mlangoni! Nyumba haikuwa na ufa! Mama akaniacha niseme mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umekagua kuta," akasema, "umekagua choo, umekagua mpaka mvua. Mtu aliyemo ndani hukumkagua. Nimekukagulia mie. Asante yangu iko wapi?"

Sikumpa. Nilinuna, nikashona nimenuna, nikalia juu ya ovaroli za watu. Nyumba ile ilinikaa rohoni, na nilikuwa sijui kama nitapata nyingine ya uwezo wangu. Lakini hasira ya mtu na mama yake haikai sana. Nikaanza kumtazama vizuri yule mwanamke aliyekuwa anakoroga uji kwenye chumba kimoja cha kupanga. Alifukuzwa kwake akiwa jikoni. Siku alipopata nafasi ya kuingia kwa mwingine kwa mlango ule ule, alikataa, na aliyoikataa ni nyumba ambayo ingekuwa yake mwenyewe, siyo ya jirani. Hee! Kifua kilinijaa. Mie ndo mtoto wa huyu? Nikawa nawasimulia wateja bila hata kuulizwa, mtu kaja kupunguza suruali anaondoka na habari za mama yangu. Na asante nilimpa, na doti ya kanga juu.

Masika yalishapita nilipoinua macho kwenye cherehani nikamwona yule mjane amesimama mbele ya kibanda, ameelekezwa na dalali. Nikaruka kumwamkia, "Shikamoo mama," nikampa kiti. Akanieleza kwamba mabinti zake walikuja juu, familia ikakaa kikao, mtoto wa kambo akaomba radhi mbele ya wote, na usimamizi wa mirathi mahakama ikamkabidhi binti mkubwa. Nyumba haiuzwi. Ila wamekubaliana kukata ule ubavu wa kiwanja ulio wazi na kuuuza, wapate kugawana na kukarabati nyumba.

"Wakataka kutafuta mnunuzi," akasema. "Nikawaambia mnunuzi ninaye."

"Mama, wewe hata hunijui."

"Nyie mlikuwa mnakagua nyumba, na mie nilikuwa nakagua watu. Mwanamke anayeweza kuniambia kweli mwanawe kashika kalamu, nimwache aende kuwa jirani wa mtu mwingine? Thubutu!"

Safari hii tuliandikiana ofisi ya serikali ya mtaa, warithi wote wamekaa kwenye benchi, hata yule bwana mpole, macho chini. Mwenyekiti akamwanza mjane kabla ya wote: unauza kwa hiari yako? Akainuka, akarekebisha ushungi. "Nauza kwa hiari yangu, na jirani nimemchagua mwenyewe." Mie niliyekagua kila kitu nikajikuta nimesimama wima kama mwanafunzi aliyefaulu. Nilikuwa nimekaguliwa, nikapita.

Nilichonunua hakikuwa nyumba. Kilikuwa mchanga, mpera mmoja na bikoni nne za mpaka. Nyumba nimeijenga baadaye, tofali kwa tofali, chumba cha mama kwanza, changu kikafuata, sebule ikaja mwisho. Wanasema maskini akipata matako hulia mbwata. Yangu yalilia, na yanalia mpaka leo nikipita pale mbele na ndoo yangu. Mama na mjane hawana ukuta kati yao, wamekataa nisijenge. Asubuhi wanakuna nazi pamoja na kunisema.

Lakini nikiulizwa siku gani nilijua nimenunua nyumba, huwa nataja ile ile ya saini, hata msingi haujachimbwa. Tulitoka ofisini tukaenda kusimama kiwanjani. Nikawa namwonyesha mama, hapa mlango, pale dirisha lako, jua la asubuhi linaingia hivi. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatembea kutoka bikoni hadi bikoni, anasimama, anapima kwa mikono, anarudi nyuma kidogo, anaangalia tena. Nikadhani anatafuta pa kupanda mchicha.

"Unapima nini, mama?"

"Turubai."

"Turubai la nini?"

"La msiba wangu."

"Mama! Hata siku moja haijaisha!"

Hakucheka. Mpangaji akifa, watu hawaji kwake. Msiba huhamishiwa kwa ndugu yeyote mwenye uwanja, na kwetu mwenye uwanja alikuwa upande ule ule wa baba. Wote tulikuwa tunalijua hilo, na katika miaka yote ile hakuna kati yetu aliyewahi kulitamka. Mama akafika kwenye kona ya mwisho, akageuka akanitazama, uso umemnyooka kama wa bibi harusi.

"Linaenea," akasema. "Na wanawake watapata pa kukaa. Watu watakuja kwetu, mwanangu. Kwetu."