Siku Nilipowaalika Majirani Kwenye Mtihani wa Simu

Nayasema haya mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa kijijini kwetu Mtua, maana wao wakisimulia huongeza chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji: mimi, mwalimu wa chuo cha Kurani kwa miaka mingi, mtu ninayewafundisha watoto adabu ya darasa, niliharibu darasa la wenzangu mbele ya mwalimu na wanafunzi arobaini, na nililiharibu kwa furaha tu.

Ni kipindi kile cha korona, shule zimefungwa, na mjukuu wangu Rehema, aliyekuwa kidato cha tatu Ruangwa, amerudi kwangu na begi lake la madaftari. Mwalimu wake wa kemia, Mwalimu Tabitha, akaanzisha masomo ya mtandaoni, kila mtu anaingia kwa simu yake na wote mnaonana (nilipomwona mtu anaandika ubaoni ndani ya simu nilimshukuru Mungu kwa kunifikisha umri ule). Kila mwanafunzi alipangiwa siku ya kueleza somo kwa mdomo. Rehema alikuwa amekosa mara mbili kwa sababu ya mtandao kukatika, na mwalimu akamwambia akikosa ya tatu nafasi yake kwenye kundi anapewa mwingine, kwani wanaosubiri ni wengi.

Basi siku yenyewe ilipofika moyo wangu ulikuwa unaruka. Kwetu mtoto anapohitimu juzuu hasomi peke yake, majirani huitwa wakasikiliza na kumwombea dua, nami nikaona mtihani ni mtihani. Nikatandika mikeka, nikachemsha chai, nikawaita Mzee Chilumba na Bi Somoe na dada zake wawili, wote na barakoa zao (hilo nililisimamia). Rehema hakuwa na habari. Alikuwa ndani anavaa shati la shule, na alipotoka akakuta hadhara imekaa nyuma ya kiti chake na mwalimu tayari anamwita jina, akanitazama tu, akakaa.

Akasema anaitwa Rehema na leo ataeleza kuhusu salfa, kisha akanyamaza kidogo avute pumzi.

Sasa chuoni mtoto akinyamaza ndiyo amemaliza. Bi Somoe akashusha barakoa akapiga vigelegele, dada zake wakapokea, nami nikatoa takbiri ya nguvu. Kabla hatujatulia Mzee Chilumba, ambaye neno salfa lilikuwa limemchoma (ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, na yake imeliwa na ubwiriubwiri, ule ukungu mweupe unaokausha maua), akainuka akaisogelea simu mpaka nadhani kule Ruangwa waliona pua na kofia tu.

"Mwanangu mwalimu, mimi salfa nimepuliza mara tatu na maua bado yanakauka. Hiyo yenu ni ya unga au ya maji?"

Mwalimu akamwamkia kwa heshima, akamwomba amwache mwanafunzi aendelee. Ningenyamaza hapo yangeisha, lakini nikaona nimsaidie mwalimu, nikamwambia Chilumba kosa ni lake, anapuliza upepo ukiwa umeshapanda, naye akanijibu kwamba mikorosho yangu mwenyewe ameiona na asingependa kuisema mbele za watu, tukaendelea hivyo, watoto wanacheka ndani ya simu, mpaka nikaona machozi ya Rehema. Nikataka kuzima kelele haraka, nikabonyeza alama nyekundu, kumbe nimetutoa darasani.

"Babu," akasema taratibu, "nilikuwa sijaanza. Nilikuwa nimetaja jina tu."

Tulijaribu kurudi, kile kiduara cha kusubiri mtandao kikawa kinazunguka na mimi naleta istighfari, na tulipoingia mwalimu alikuwa anawaaga wanafunzi. Nikaiweka sura yangu mbele ya simu.

"Mwalimu, mtoto huyu hakukosa. Aliyekosa ni babu yake. Kama kuna wa kutolewa kwenye kundi, nitoeni mimi."

Mwalimu Tabitha akafunika mdomo kwa daftari.

"Babu, wewe hatukukuandikisha," akasema. "Wanafunzi, msiondoke. Rehema, una dakika tano. Na nataka nikuone peke yako hapo kwenye kiti."

Nikawaondoa wageni wote na vikombe vyao mkononi, tukaenda kusimama huko shambani, mbali, hakuna aliyethubutu kukohoa. Zile dakika tano nilizisubiri ziishe kwa hamu kuliko ninavyosubiri mwezi kuandama. Rehema akatoka, akaja mpaka tulipo, akasema amebaki kwenye kundi. Alhamdulillahi.

Nimeapa, simwaliki tena mtu kwenye mtihani wa mwenzangu bila kumuuliza mwenye mtihani. Niliita watu waje wamsikie mjukuu wangu akieleza jambo la elimu, na alipolieleza, akalieleza vizuri mpaka mwalimu akamsifu, watu wa mtandaoni wote walimsikia isipokuwa mimi.