Moto wa mbele ya mtutu karibu umtoe Wanjiru kwa timu

Wakuu wa humu, salamu kutoka Bahati. Shule niliachia class three, lakini hii nimeiona na macho yangu, siongezi chumvi.

Mjukuu wangu Wanjiru hupiga shabaha na bunduki. Juzi ilikuwa trial ya mwisho ya timu, huko Longonot. Akaniambia, "Shosh, twende uniombee."

Siku hiyo walipewa bunduki fupi na boksi mpya ya risasi. Akapiga tano. Zote zikagonga chini ya duara.

Coach Barasa akasema, "Wanjiru, mikono inatetemeka. Nikuandike ama nikutoe?"

Mtoto machozi tele.

Kutetemeka? Huyo hukamua Njeri, ng'ombe yangu iliyompiga daktari Mutai teke mbili!

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Kila akipiga, moto mkubwa unaruka mbele ya mtutu.

Nikauliza, "Barasa, huo moto wa nje unapika nini?"

Wakacheka. "Mathe, hii si jiko!"

Nikawaambia mimi napikia jiko ya maranda, yale makapi ya mbao, tangu marehemu mzee wangu Kamau akifanya kazi kwa mbao. Ukishindilia maranda sana, yanaungua polepole. Githeri itaiva vizuri. Lakini ukiweka chai na uitoe haraka, unaitoa baridi, halafu moto unabaki kupikia hewa.

Kiplagat, fundi wa bunduki, akaacha kucheka. Akasoma boksi.

"Coach, baruti ya hizi ni ya polepole, ya bunduki ndefu. Huu mtutu mfupi, risasi inatoka kabla baruti imalize kuisukuma. Inaenda bila nguvu, inashuka. Baruti iliyobaki ndio inaungulia nje."

"Si basi mtumie ya haraka kila mahali?" nikamuuliza.

"Hapana, Shosh. Ya haraka mahali haifai, presha inapanda ghafla, chuma inaweza pasuka."

Kumbe hata baruti ina sufuria yake!

Akaleta boksi ya bunduki fupi. Wanjiru akapangusa macho, akapiga tano. Zote ndani ya duara, mbili zimegusana. Moto wa nje ulikuwa kidogo kama wa kiberiti.

Barasa akaandika jina lake, halafu akanigeukia. "Na wewe Mathe, nikuandike ama nikutoe?"

"Niandike," nikamwambia, "lakini kwanza muombe mtoto msamaha." Akaomba, mbele ya watu wote.

Nimejifunza hivi: kabla ulaumu mkono wa mtu, angalia moto unaenda wapi.

Wenye mnajua bunduki, mnisahihishe polepole. Na nani hapa bado anapikia maranda? Semeni, nisikie siko peke yangu.