Siku Mtani Wangu Alipoacha Kunitukana

Siku hizi mnasema mtu mwenye ualbino. Zamani zetu pale Tandika hakukuwa na adabu hiyo. Ilikuwa zeruzeru, tena mbele ya uso wako, na mie nilikuwa na mdomo wa kumjibu kila aliyeniita hivyo. Mjomba wangu alikuwa akisema Mungu aliponipunguzia rangi aliniongezea ulimi, kwa hiyo msinionee huruma mapema. Nilikuwa mke wa mtu, fundi cherehani, na mama wa mtoto wa kike wa miaka sita aliyetoka mweupe kama mimi. Pia nilikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama wa tawi la chama, tuliokuwa na shamba la mihogo huko mbele ya Mbagala.

Shamba hilo ndilo lililoniponza, au niseme kiburi changu. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na hakuna tusi lililouma kama kuitwa kupe, mtu anayenyonya jasho la wenzake. Siku ya kwanza tu mwenyekiti wetu aliniambia, "Wewe kaa pale kibandani utumenyee mihogo, jua hili si lako." Hee! Mie nikae kivulini wenzangu wameinamisha migongo? Nikashika jembe, nikajifunga kanga kichwani, nikalima mpaka saa saba mchana uso wazi. Nikafanya hivyo kila Jumamosi kwa miaka minne. Nilirudi nyumbani uso umeiva, nikajipaka mafuta ya nazi, nikalala. Hakuna aliyenilazimisha.

Kidonda kilianza kando ya pua, upande wa kulia, kidogo kama punje ya mtama. Kikafanya kigaga, kigaga kikabanduka, kikatoa damu, kikaanza upya. Nikapaka dawa ya zambarau ya zahanati. Nikapaka majani niliyoelekezwa na kila mwenye mdomo. Mwisho nikafanya upumbavu ambao mpaka leo nikiukumbuka natamani kujizaba kofi. Nilitafuta korosho mbichi, nikakamulia utomvu wa maganda yake juu ya kidonda, kama tulivyokuwa tukichoma chunjua utotoni. Kiliungua, kikatulia wiki mbili, nikashangilia. Kiliporudi kilikuwa kipana kama kifungo cha koti, kingo zimeinuka.

Hapo watu wakaanza kunionyesha heshima. Heshima ya pwani ni nzuri, lakini inaua. Kwenye foleni ya sukari wenzangu waliongea nami huku wakitazama miguu yangu. Mume wangu, kuli wa bandarini, mtu mpole asiyejua kugomba, alihamia upande wa pili wa kitanda, akasema eti godoro la upande ule limebonyea. Hakuna aliyeniuliza, "Una nini usoni?"

Hakuna, isipokuwa mtani wangu.

Alikuwa mzee wa Kinyamwezi, fundi baiskeli, kibanda chake kikitazamana na mlango wangu. Mie Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, mababu wa Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo mabegani. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, hata msibani, hata mbele ya maiti, na ukinuna wewe ndiye huna akili. Kwa umri wake yule mzee alistahili shikamoo yangu kila siku ya Mungu. Sikuwahi kumpa hata moja.

"Mzaramo we, hujafa tu?" ndivyo alivyoniamkia.

"Nife nimwachie nani kazi ya kukutukana? Mpagazi we, rudi kwenu Tabora ukabebe mizigo!"

Kidonda kilipotokea, akakiingiza kwenye matusi yake. "Pua hiyo inaoza, harufu imeshafika Keko! Nenda hospitali wakaikate, au unaningoja mie nije na msumeno?" Mtaa mzima ulicheka, na mie nikacheka. Miezi sita mtu mmoja alinipa ukweli mtupu kila asubuhi, na mie nikamrudishia mzaha, maana maneno ya mtani hayaingii moyoni. Ndivyo tulivyolelewa.

Asubuhi moja nimetoka na ndoo kwenda bombani, nikamkuta amesimama. Si kawaida yake, kwani alikuwa hainuki kwenye kigoda kwa ajili ya mtu. Nilishaandaa tusi langu. Akavua kofia.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Nikamtazama. "We mzee, una nini leo?"

"Sina kitu. Nakuomba uende hospitali, mwanangu. Nakuomba."

Ndoo ilinitoka mkononi. Miezi sita sikuogopa kitu, sikuogopa damu kwenye mto wala usaha kwenye ushungi. Adabu ya yule mzee ndiyo iliyonitisha. Nikarudi ndani, nikakitafuta kioo nilichokuwa nimekigeuza ukutani, nikajitazama kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kidonda kilikuwa kimeshaanza kula ubavu wa pua.

Nikaenda zahanati, nao wakanipeleka hospitali kubwa. Huko wakanikata kinyama kidogo, wakakitia kwenye kichupa, wakaniambia nirudi baada ya wiki tatu. Nikamuuliza daktari kama ni kansa. Akasema, "Tunashuku, mama. Tusubiri majibu."

Jamani, kusubiri! Wiki tatu nilishona nguo za watu vibaya, mikono ya gauni mbele nyuma, nikafumua, nikashona tena. Nilimwomba Mungu achukue pua aniachie macho. Baadaye nikaona aibu, mwanamke mzima nafanya biashara na Mungu. Sikuogopa kufa kwa ajili yangu. Niliogopa kwa ajili ya yule mtoto. Nani angemfunga ushungi asubuhi? Nani angemkimbilia na kanga jua linapopanda na yeye yuko uwanjani anaruka kamba na wenzake, hajui kwamba ngozi yake si kama yao? Baba yake alimpenda, lakini alikuwa haoni jua. Kwake jua lilikuwa jua tu. Nilijua kabisa nikifa mwanangu atafuata njia yangu, punje ya mtama kwanza, kisha kifungo cha koti.

Siku moja alinikuta nimekaa mbele ya kioo. Akaja, akagusa pua yake mwenyewe upande wa kulia. "Na mie kitanitoka lini?" aliniuliza, kama anayeuliza jino litang'oka lini. Nikampiga kofi, mie mama yake, kisha nikamkumbatia tukalia wote wawili mpaka jirani akabisha hodi.

Wiki tatu zikaisha, majibu hayajafika. Wiki ya nne hayajafika. Kila nikitoka na kila nikirudi, mtani wangu alikuwa anavua kofia. "Pole, mwanangu. Mungu yupo, mwanangu." Nilikonda kwa pole zake kuliko kwa ugonjwa. Ilifika siku nikasimama mbele ya kibanda chake, ushungi nimeuvua, kidonda nje, nikamwambia, "Nitukane!"

Akainamia gurudumu lake.

"Nitukane, mzee, nakufa kwa heshima yako! Umeshanizika?"

"Siwezi," akasema. Alikuwa analia, mzee yule, machozi yanadondokea mikono ya grisi. "Ungekwenda tangu mwanzo ungekuwa umeshapona. Nilikuwa nataka kukwambia kweli, nikaitia kwenye utani, ukacheka. Wanasema ulimi uliponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu."

Nilitaka kumwambia ni mie niliyeng'ang'ania jembe, mie na korosho zangu, lakini sikumwambia. Nikajifunga ushungi nikaenda zangu.

Majibu yalitoka wiki ya sita. Daktari hakuzunguka. "Ni kansa, mama. Tutakata ubavu wa pua na nyama ya shavu." Nikamuuliza nisiporidhia je. Akasema kidonda kitapanda jichoni, na baada ya jicho hataweza kunisaidia. Nikaweka dole gumba kwenye karatasi, mie ninayejua kuandika.

Nilipozinduka uso mzima ulikuwa bandeji, nimeachiwa jicho moja na mdomo. Daktari alisema wametoa chote walichokiona. Nikamuuliza, na wasichokiona? Akasema tutangoja. Tutangoja! Kumbe kungoja kwenyewe hakujaisha. Nikaugeukia ukuta, nikatamani wasingeniamsha.

Saa ya kutazama wagonjwa akaja mume wangu na mtoto. Wodi nzima ikashusha sauti. Mume wangu akatazama chini ya kitanda, mtoto akajificha nyuma ya suruali ya baba yake. Nyuma yao alisimama yule mzee, kanzu imepigwa pasi, kofia mkononi. Nikajua atasema pole, na nikajua akiisema tu nitakata tamaa moja kwa moja.

Akanitazama. Akanitazama kwelikweli, bandeji na damu na kila kitu, jinsi ambavyo hakuna mtu mwingine aliyenitazama mwaka ule. Kidevu chake kikacheza. Akavaa kofia.

"Mzaramo we," akasema, sauti inakwaruza. "Pua imekwenda, mdomo umebaki. Hasara tupu! Madaktari hawa wamekosea pa kukata."

Nikacheka. Nyuzi zikavutika, nikasikia maumivu mpaka kisogoni, damu ikachirizika chini ya bandeji, na bado nikacheka, na mtoto akachungulia kuona nani anacheka. Nesi akaja mbio, mkali kama pilipili. "Nani kamchekesha mgonjwa? Huyu mzee atoke!"

Nikamkamata mzee ukosi wa kanzu kwa mkono uliokuwa hauna dripu, nikamshikilia.

"Mwacheni," nikamwambia nesi. "Huyu ni mtani wangu."