Yowe la Regina

Regina, tuliyemzika Mbalibali mwezi wa nne, alizaliwa Genkuru na miguu isiyojua kukaa. Akitumwa maji, alirudi na sauti za watu: ya muuza dagaa, ya mwenyekiti, kikohozi cha padri. Nyumbani walicheka mpaka wakasahau kuuliza maji yako wapi.

Alipokuwa msichana mkubwa akajiunga na kikundi cha maigizo kilichozunguka minadani. Walitandika turubai, wakapiga ngoma, watu wakajaa. Mchezo uliompa jina ni wa mjane aliyeamka akakuta zizi tupu. Akishaona, mjane hushika kichwa akapiga yowe.

Sasa, yowe kwa Wakurya lina kazi yake. Likipigwa, mwenye jembe analitupa, aliye mezani anaacha ugali, kila mwanaume anashika panga au upinde anakimbilia linakotoka. Haulizi. Waigizaji wenzake Regina walikuwa wakilipiga nusu. Yeye, siku walipocheza kwao Genkuru, alilipiga zima.

Ng'ambo ya bonde wakalisikia. Wanaume kama sitini walikuja mbio, wakakuta watu wamekaa wanapiga makofi. Aliyetangulia aliitwa Nchagwa. Aliruka korongo, mguu ukavunjika, na haukuunga vizuri tena.

Wazee walikaa siku ile ile. Nchagwa alibebwa, akasema neno moja: "Binti, umechezea yowe letu. Siku ng'ombe wakiibwa kweli, nani atakuja?" Wakamkataza kulipiga tena. Regina akaitika.

Mchezo bila yowe ni mchuzi bila chumvi. Kikundi kikatafuta mwingine, Regina akaondoka. Akaolewa Mbalibali na Machage, mtu wa ng'ombe na maneno machache. Alilima, akazaa, lakini hakutulia. Akipalilia, anagombana na mahindi kama mawifi. Akikamua, ng'ombe anageuzwa hakimu. Siku moja Machage akamwambia, "Utawatia wazimu ng'ombe wangu. Nenda Mugumu ukafundishe watoto wa watu hayo maigizo yako."

Akaenda. Kila Jumamosi, ukumbini nyuma ya kanisa, vijana kumi na wanne. Somo la kwanza lilikuwa kunyamaza. "Mtu akipatwa, mwili unajua kwanza," aliwaambia. "Mdomo unafuata." Aliwaleta mpaka zizini kwa Machage, ng'ombe wako malishoni, akawasimamisha hapo mpaka waone pengo la kila ng'ombe. Mwenyewe hakusimama. Alizunguka, akiwagonga mabega kwa kijiti cha ufagio.

Miaka ikaenda, jambo moja likimla: mchezo ule ulikuwa haujarudi Genkuru. Mwaka jana kifua kikaanza kumbana, akaona siku si nyingi. Akatuma watu kwa wazee kuomba ruhusa. Wakajibu: mchezo uje, ila yowe likisikika, yeye na wanafunzi wake wasikanyage tena pale.

Aliyepewa kuwa mjane ni mwanafunzi wake Elieth, binti mwembamba kutoka Manchira. Njiani, ndani ya basi, Regina alikaa kiti hiki, akahamia kile. Alimuuliza Elieth mara saba kama amekula. Elieth akamjibu, "Mwalimu, ukiuliza tena nitakutafuna wewe."

Mchana uwanja ukajaa. Mzee Nchagwa aliwekewa kiti mbele, fimbo kati ya magoti. Regina hakutaka kiti. Alizunguka nyuma ya watu, mkono kifuani, Machage akimfuata kwa macho.

Elieth akafika zizini. Akatazama. Kidevu kikapita pengo moja baada ya jingine. Mikono ikapanda kichwani, kinywa kikafunguka chote, mishipa ya shingo ikasimama. Haikutoka sauti. Uwanja ulikuwa kimya mpaka mbuzi wa mbali wakasikika.

Nchagwa akainuka. Alishika fimbo kama mkuki, akachechemea hatua tatu mbele, na wanaume nyuma yake nao wakawa wamesimama. Ndipo akajikumbuka. Akaitazama fimbo.

"Mwalimu wake yuko wapi?"

Regina akapita katikati ya watu, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimelisikia." Akamsogezea kiti chake. "Kaa."

Regina akakaa. Miaka yote ile Machage hakuwahi kumwona amekaa mpaka mchezo ukaisha. Siku hiyo alikaa.