Kidole cha Mzee Rwegoshora

Mume wangu Jovin huomba msamaha hata mbuzi akimkanyaga yeye. Ndivyo alivyolelewa kwao Ihanda: kukitokea jambo, mdogo humtangulia mkubwa kwa "nisamehe", halafu ndipo watu waulizane kimetokea nini. Kijiweni wenzake wa bodaboda wanamcheka. Cleophace humwambia, "Jovin, nipimie msamaha kilo mbili, mke wangu kanuna." Naye hucheka nao. Sikujua kuwa tabia hiyo ingetaka kutunyang'anya pikipiki.

Ijumaa ile tulitoka kwa mama yangu Bugomora na mikungu mitatu ya ndizi. Kwenye mlima wa Kibingo lori lilikuwa limekwama kwenye tope, magari yakasimama. Mimi nilikuwa nimeshashuka, natembea na mtoto wetu Joyness mgongoni, maana mlima ule na ndizi zile hautaki abiria. Jovin akasimama nyuma ya pikapu ya Mzee Rwegoshora. Nikaokota jiwe, nikalikita nyuma ya gurudumu la nyuma la pikipiki yetu, kama tunavyofanya kwa baiskeli za ndizi ili zisirudi. Mara pikapu ikaserereka kinyumenyume, kwaa! Taa yake ya nyuma ikapasuka, na yetu ya mbele ikapasuka.

Mzee akashuka, akaivuta pikipiki aiondoe kwenye gari lake. Ikagoma. Akavuta tena kwa hasira, mguu wake wa kandambili ukalipiga lile jiwe, likabiringika mtaroni. Kidole gumba kikatoka damu.

"Nisamehe baba, nisamehe sana." Jovin alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anamfunga kidole kwa leso yangu, trafiki alipofika.

"Umekiri mwenyewe," trafiki akasema. "Na wa nyuma ndiye mwenye kosa." Akaanza kuandika faini.

"Afande, tulikuwa tumesimama, jiwe lilikuwa..."

"Wewe ni nani?"

"Mke wake."

"Basi utasema nini kingine?"

Faini tungeitafuta. Shida ilikuwa Placida, mama wa duka aliyetoka Muleba, mwenye pikipiki. Mkataba wake unasema dereva akiandikiwa kosa la ajali anarudisha ufunguo. Ilibaki miezi minne tu ya malipo iwe yetu. Akatupa mpaka Jumatatu: karatasi ya faini ifutwe kituoni, au ufunguo urudi.

Jumamosi Jovin hakukaa. Alipalilia migomba aliyoipalilia juzi. Akaenda kuitazama pikipiki, akarudi, akaenda tena. Jumapili alitoka kanisani mara mbili katikati ya mahubiri. Nikamwona pale mlangoni anazungusha ufunguo kidoleni. Mimi nami sikuwa mzima. Joyness alinyonya, akaacha, akalia, kana kwamba mawazo yangu yameingia kwenye maziwa.

"Nitasema nini pale kituoni?" akaniuliza.

"Sema ulikuwa umesimama."

"Nilishasema nisamehe."

"Ulisemea kidole."

"Kidole nani atakiandika, mama Joyness?"

Jumatatu tulifika kituoni kwa mkuu wa trafiki kabla hakujafagiliwa. Mzee Rwegoshora, ambaye naye aliitwa, alikuja anachechemea, bendeji mguuni kubwa kama kiazi.

"Shikamoo baba," Jovin akawahi. "Kidole kinaendeleaje? Nisamehe."

Nikamfinya. Nimechelewa.

"Unaona, mkuu?" trafiki akasema. "Hata leo anaomba msamaha."

Mkuu wake alikuwa mama mmoja wa makamo, afande Mackrine. Alikuwa akisoma karatasi yetu. Akaiweka chini, akautazama mguu wa Mzee.

"Mzee, kidole kimefanya nini?"

"Si jiwe la hawa vijana!" Mzee akawaka. "Kucha yote imeondoka!"

"Lilikuwa wapi hilo jiwe?"

"Nyuma ya gurudumu lake la nyuma! Navuta pikipiki haiji, navuta haiji, kumbe wameikinga na jiwe!"

Afande Mackrine akavua miwani. "Imekingwa na jiwe. Imesimama. Sasa ilikupandiaje mlima ikakugonga?"

Mzee akakitazama kidole chake kama ndicho kilichomsaliti. Mimi nilikuwa nimembana Joyness mpaka akaguna.

"Hendibreki yangu," Mzee akasema taratibu, "siku hizi haishiki vizuri."

Afande akaipiga karatasi mstari, akasaini, akagonga muhuri. Trafiki akawa anaangalia dirishani.

"Nisamehe afande, kwa usumbufu," Jovin akasema.

"Toka hapa kijana, kabla hujakiri kosa lingine!"

Dukani Jovin aliweka karatasi na ufunguo mezani. Placida aliupapasa muhuri kwa kidole, akaugeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akausukuma ufunguo juu ya meza, kumrudishia Jovin.

Jovin akarudi kijiweni siku hiyohiyo. Mimi nilikaa mlangoni na mtoto, nikisikiliza mlima. Kila pikipiki iliyopanda niliisikia kuwa ndiyo yake, nikasimama, nikakaa, nikasimama, mpaka yake ikaja.